Ukiulizwa "Una Swali?" Usiseme Huna

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za chanjo, lishe na homa za watoto, ili tuzungumze juu ya watoto waliokwisha kukua na sasa wanatafuta kazi. Wengine mtashangaa na kuuliza: muuguzi na kazi za usalama wa kompyuta, wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona wenyewe jinsi mambo haya yanavyokaribiana.

Mwaka jana, baada ya kikao cha akina mama kanisani, mama mmoja alitushika mkono akatuvuta pembeni. "Dada," alisema, "binti yangu anakwisha." Binti huyo amesomea kompyuta hadi shahada, na upande wake hasa ni usalama wa mitandao. Alipopata kazi katika kampuni moja mjini ukoo mzima ulishangilia. Lakini baada ya miezi minane alikuwa halali, hali chakula, tumbo linamwuma, na simu ikilia usiku anaruka kitandani kama aliyesikia mwizi dirishani. Mama yake alifikiri ni vidonda vya tumbo, akaomba tumwangalie.

Tulimkaribisha binti yule nyumbani Jumamosi. Baada ya shikamoo na chai tulimuuliza habari za tumbo, tukamshauri aende kupimwa, na kweli alikwenda. Kisha tukamuuliza habari za kazi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Alituambia kwamba katika kampuni nzima yeye alikuwa mtu wa usalama peke yake. Mchana yupo ofisini, na usiku simu ya kazi ipo chini ya mto. Mwezi wa nne tangu aajiriwe alimwandikia mkuu wake kwamba seva moja ya zamani haijafanyiwa marekebisho na inaweza kuvamiwa. Alijibiwa asubiri, fungu halipo. Miezi mitatu baadaye seva ile ile ikavamiwa, na barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake. "Si wewe ndiye usalama?" ndivyo alivyoambiwa.

Tulimuuliza kama siku ya usaili aliulizia mambo hayo. Aliinamisha kichwa. "Mama, waliniuliza kama nina swali lolote. Nikasema sina. Niliogopa wataniona mjuaji."

Wapenzi wasomaji, ni vijana wangapi tumewafundisha hivyo sisi wenyewe? Tunawaambia: nenda, kaa kwa adabu, jibu unaloulizwa, shukuru, ondoka. Ajira ni chache, usijiharibie. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Usaili ni wa pande mbili. Mwajiri anapima kama kijana anafaa, na kijana naye hana budi kupima kama kazi hiyo inabebeka. Posa ikija nyumbani, je, hatuulizi habari za mchumba? Tunauliza kwa majirani, kwa wazee, hata kwa watu wa mbali. Kwa nini basi tumpeleke kijana mahali atakapokaa saa nyingi kuliko nyumbani bila kuuliza neno?

Kwa wale wasioijua kazi hii, tuieleze kwa kifupi. Mabenki, hospitali, kampuni za simu na ofisi za serikali huweka kumbukumbu zao na fedha zao katika kompyuta zilizounganishwa na mtandao. Wapo wavamizi wanaotafuta njia ya kuingia humo waibe fedha, wachukue siri za watu, au wafunge kumbukumbu zote kisha wadai malipo ili wazifungue. Mtu wa usalama wa mitandao huangalia dalili za uvamizi, hutafuta mianya kabla wavamizi hawajaiona, na shambulio likitokea hulizima. Mwaweza kusema ni mlinzi wa zamu, fundi na muuguzi kwa pamoja.

Sisi hatujui kompyuta zaidi ya kuandika ripoti. Lakini zamu tunazijua. Tunajua kukesha, kukabidhiana kazi, na kulaumiwa kwa jambo tulilokwisha kulitolea taarifa. Muuguzi anayepangiwa wodi mpya huuliza: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi kwa zamu, dawa zipo, daktari wa zamu anapatikana wapi? Basi siku ile tulikaa na binti yule mezani, tukachukua daftari, tukaandika maswali ambayo angeuliza katika usaili ujao. Yeye alileta ujuzi wa kompyuta, sisi tukaleta wa wodini. Haya hapa.

1. Nani hupokea taarifa ya hatari usiku, na tuko wangapi?

Wavamizi hawachagui saa, na wengi hupenda usiku na siku za sikukuu, watu wakiwa hawapo. Kwa hiyo mwajiri akisema "tunalinda saa 24", fanya hesabu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya 168 kwa 45, utapata karibu watu 4 kwa kiti kimoja tu, kabla hujahesabu likizo, ugonjwa na uzazi. Mwajiri mwenye watu 2 anayeahidi saa 24 anakopa usingizi wa watu hao wawili.

Uliza hivi: "Mwezi uliopita, mtu wa zamu aliamshwa usiku mara ngapi? Na kesho yake alipumzika?" Sheria hiyo hiyo inasema saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezwe asilimia 5. Kwa mabinti zetu, wakumbuke pia kwamba mjamzito hapangiwi kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua. Lakini angalieni: mipaka ya saa haiwahusu wenye vyeo vya juu vya uongozi. Ukipewa cheo kikubwa chenye mshahara mdogo, uliza kwa nini.

2. Mtu wa usalama anaripoti kwa nani?

Swali hili linaonekana dogo, lakini limebeba mengi. Huko Marekani ipo kampuni iitwayo Equifax, inayotunza habari za madeni ya watu. Mwaka 2017 wavamizi waliingia humo wakakaa siku 76, wakachukua habari za watu wapatao milioni 147. Kamati ya Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo ilichunguza, na ripoti yake ya Desemba 2018 ilisema uvamizi ule ungeweza kuzuiwa kabisa. Jambo mojawapo lililoonekana ni kwamba mkuu wa usalama aliripoti kwa mkuu wa mambo ya sheria, na wenye kompyuta walikuwa chini ya mkuu mwingine. Nyumba mbili, ukuta katikati. Chombo kimoja cha kuangalia mtandao kilikuwa kimepofuka miezi 19 kwa sababu cheti chake cha kielektroniki kilikwisha muda, na hakuna aliyekifanya upya.

Kwa hiyo kijana aulize: "Mkuu wa usalama anakutana na uongozi wa juu mara ngapi kwa mwaka? Usalama una fungu lake katika bajeti, au unaomba kila mara?" Mlinzi asiye na njia ya kumfikia mwenye nyumba atapiga kelele getini mpaka asubuhi.

3. Hatari ikigunduliwa, huchukua siku ngapi kurekebishwa?

Hili linatugusa sisi wa hospitali. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani, ikifunga mafaili na kudai fedha. Katika Uingereza iliziingilia hospitali. Wakaguzi wa serikali walieleza kwamba taasisi za hospitali zisizopungua 81 kati ya 236 za England ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ilifutwa. Fikirini mgonjwa aliyefunga tangu usiku akisubiri upasuaji, anaambiwa arudi nyumbani. Na dawa ya ugonjwa ule ilikuwapo! Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu tarehe 14 Machi, na hospitali zilitumiwa maonyo mwezi Machi na Aprili. Onyo lilifika, lakini marekebisho hayakuwekwa kila mahali.

Swali basi ni hili: "Nikigundua mwanya mkubwa leo, nani ana mamlaka ya kuamua uzibwe, na kwa kawaida huchukua siku ngapi?" Mwajiri mwema atakuwa na jibu, hata kama si zuri sana. Akisema, "Tuna muda tuliojiwekea, na tukishindwa mkuu fulani hutia sahihi kwamba ameikubali hatari hiyo," hapo pana utaratibu. Akisema, "Hayo tunayaona yanapotokea," mjue yatakapotokea atatafutwa wa kubebeshwa. Kama binti yule angeuliza swali hili, angejua mapema hali ya ile seva.

4. Tukio la mwisho lilipotokea, mlijifunza nini?

Turudi kwa Equifax. Mwezi Oktoba 2017 aliyekuwa mkuu wa kampuni, Richard Smith, alipoulizwa mbele ya Bunge, alieleza kwamba kosa la kibinadamu lilikuwa la mtu mmoja ambaye hakupeleka agizo la marekebisho. Mtu mmoja! Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba onyo lilikuwa limetumwa kwa barua pepe kwa watu zaidi ya 400. Watu 400 walipata habari, kisha lawama ikamwangukia mmoja.

Wodini tunajua habari hizi. Muuguzi akikosea kipimo cha dawa, zipo wodi atakazokaripiwa mbele ya wagonjwa, na zipo wodi ambapo dada msimamizi atauliza kwanza: chupa zilifanana? taa ilikuwapo? alikuwa na wagonjwa wangapi? Katika wodi ya kwanza makosa hayaishi, bali hufichwa. Katika ya pili hutajwa mapema, na mgonjwa huokolewa.

Hapa tutoe tahadhari. Usiulize siri. Usitake kujua mitambo ya ulinzi wanayotumia, wala jina la mteja aliyeathirika. Mwajiri wa usalama anayekueleza hayo katika saa ya kwanza ataeleza na wengine. Akikataa kwa upole, hiyo ni dalili njema. Wewe uliza njia, usiulize siri: "Baada ya tukio mnakaa pamoja? Mnaandika? Mliwahi kubadili jambo gani kutokana na mlichojifunza?"

5. Je, nitapewa ruhusa kwa maandishi, na ukweli utasemwa?

Sehemu ya kazi hii ni kujaribu kuingia katika mitambo kama afanyavyo mvamizi, ili kuona mianya. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa. Kijana asikubali kutumwa kwa neno la mdomo. Aulize: "Kabla ya majaribio, nani hutia sahihi barua ya ruhusa, na inataja mitambo ipi na siku zipi?" Neno "wewe fanya tu" si ruhusa.

Tena, habari za watu zikiibwa, sheria inataka taarifa itolewe. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 pale wenye taarifa wanapoweza kudhurika. Huko Marekani aliyekuwa mkuu wa usalama wa kampuni ya Uber, Joe Sullivan, alitiwa hatiani Oktoba 2022 kwa kuficha uvamizi wa mwaka 2016, na Mei 2023 akapewa miaka 3 ya uangalizi wa mahakama. Aliyesimama kizimbani ni yeye. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza: "Habari za wateja zikiibwa, nani huamua kutoa taarifa?"

6. Masomo yangu yatalipwa na nani?

Elimu ya kazi hii huchakaa haraka, na mitihani ya vyeti ni ghali. Uliza kama mwajiri hulipa, kama hutoa siku za kusoma, na kama utafungwa kwa mkataba wa kurudisha gharama ukiondoka. Angalia pia tangazo la kazi lenyewe. Cheti kiitwacho CISSP, kwa mfano, hutaka uzoefu wa miaka 5, au miaka 4 kwa mwenye shahada inayokubalika. Tangazo linalotaka kijana anayeanza awe nacho tayari linaonyesha kwamba aliyeliandika haijui vizuri kazi anayoitangaza. Uliza kwa upole ni nani atakayekuelekeza kazini.

Sasa, namna ya kuuliza

Maswali yote sita hayaulizwi siku moja. Chagueni matatu. Yaandikwe katika kijitabu, na si vibaya kukifungua mbele ya wasaili, inaonyesha umejiandaa. Anza kwa heshima: "Ahsanteni kwa nafasi hii. Ningependa kuielewa kazi vizuri ili niifanye vizuri." Swali la zamu na la marekebisho mpe yule atakayekuwa mkuu wako. La saa za ziada na mkataba mpe ofisa utumishi. Kisha nyamaza usikilize. Tazama kama wanatazamana, kama wanacheka, kama yupo anayesema "swali zuri" na kulijibu kweli. Ukifika nyumbani andika majibu usiku huo huo, na ukipewa kazi hakikisha yaliyo muhimu yamo katika maelezo ya maandishi ya ajira, ambayo sheria inamtaka mwajiri akupe.

Tunasikia mama mmoja akisema: "Dada, mwanangu ana miaka mitatu hana kazi. Akipata yoyote ataishika." Tunamwelewa, nasi tuna watoto. Hatusemi akatae. Kuuliza si kukataa. Anayeingia akijua kwamba yuko peke yake usiku atapanga, ataomba msaada mapema, atatunza nakala za barua zake za kuonya. Anayeingia bila kujua atafikiri udhaifu ni wake, mpaka tumbo limwume.

Mtataka kujua mambo ya binti yule yaliishia wapi. Alikwenda usaili mara mbili tena. Mahali pa kwanza mshahara ulikuwa mkubwa. Alipouliza habari za zamu mkuu alitabasamu akasema, "Hapa tunaishi kama familia." Alipouliza tena kwa upole ni watu wangapi, akaambiwa, "Utayaona ukija." Mahali pa pili mshahara ulikuwa mdogo kidogo. Mkuu wa kitengo, mama wa makamo, aliweka kalamu chini akasema, "Swali la usiku sina jibu zuri. Tuko watatu, na hatuahidi saa 24. Saa 4 usiku tunafunga, na uongozi umetia sahihi kwamba wanalijua hilo."

Mama yake alitaka achukue pale pa kwanza. Walibishana siku mbili, hata sisi tuliitwa kusuluhisha. Tulimwambia mama jambo moja tu: huyu wa pili amemjibu mtoto wako kama mtu mzima. Binti alichagua pa pili. Barua ya onyo ya kazi ya zamani haijafutwa hadi leo, na inamwuma. Lakini tulipomwona kanisani mwezi uliopita alikuwa amenenepa kidogo, na simu yake ilikuwa mkobani, imezimwa.

Wapenzi wasomaji, kama nyumbani mna kijana anayejiandaa kwa usaili, wa kazi hii au nyingine yoyote, kaeni naye mezani jioni moja. Msimfundishe majibu tu, mwandikie pamoja naye maswali matatu.